Mkono wa Pili Uliofutwa Kwenye Maneno ya Kujiendeleza

Sentensi iliyonikwamisha ilikuwa fupi. Kitabu cha kujiendeleza nilichokuwa nakitafsiri kutoka Kiingereza kilimtaka msomaji ajiinue kwa kuvuta "bootstraps" zake mwenyewe. Bootstrap ni kile kitanzi kilichoshonwa juu kwenye shingo ya buti, ili mvaaji apitishe kidole na kulivuta liingie mguuni. Nikajaribu kuliona tendo lenyewe akilini: mtu ameinama, ameshika vitanzi vya mabuti yake kwa mikono miwili, anavuta kwa nguvu zote ili apae. Hapai. Avute mpaka kesho, hatapaa, kwa sababu nguvu anayoivutia juu inamrudia kumkandamiza chini kwa kiasi kilekile.

Nilidhani ni mimi niliyekosa kuelewa, nikaenda kutafuta historia ya msemo. Nilichokikuta ni kwamba ulianza kama kejeli, na jambo lililokejeliwa ni lile lisilowezekana. Mwaka 1834 gazeti moja la Marekani lilimcheka mtu aliyedai amegundua siri ya mwendo usiokoma, yaani mashine inayojiendesha milele bila kuongezewa nguvu. Likasema bila shaka sasa ataweza kujivusha mto Cumberland kwa kujishika vitanzi vya mabuti yake. Mwaka 1888 kitabu cha fizikia cha Marekani kikawauliza wanafunzi: kwa nini mtu hawezi kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya mabuti yake? Mwanafunzi alitakiwa aeleze kwamba hakuna kitu kinachojiinua bila kushika au kukanyaga kingine kilicho nje yake. Haikupita miaka mingi, msemo uleule ukawa unatolewa kama ushauri, tena kwa maskini.

Wataalamu wa kompyuta nao waliuchukua. "Kubuti" kompyuta, yaani kuiwasha ikajipakia programu zake, ni kifupi cha neno hilohilo, kwa sababu palikuwa na fumbo la kweli: mashine isiyo na programu yoyote itapakiaje programu ya kwanza? Jibu ni kwamba haiwezi. Kuna programu ndogo ambayo mtengenezaji ameitia ndani mapema, kabla mashine haijamfikia mnunuzi. Hata kompyuta inayoitwa kwa jina la kujiinua iliinuliwa kwanza na mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia maneno ya Kiingereza ya kujiboresha na ya mtazamo wa maisha, yale tunayoyasikia kwa wahamasishaji na kuyasoma kwenye jumbe za hamasa kila asubuhi. Kuna jambo linalojirudia mno kiasi kwamba siwezi kuliita sadfa. Mengi kati yake, yalipozaliwa, yalikuwa na watu wawili ndani yake, au mtu na kitu cha nje kinachomshika. Kadiri yalivyotumika, yule wa pili alifutwa. Akabaki mtu mmoja, amejishika vitanzi.

Tazama neno "talent", ambalo leo maana yake ni kipaji, kitu cha ndani kabisa ambacho mtu amezaliwa nacho. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana bahati hapa kuliko msomaji wa Kiingereza, maana kwetu neno limebaki na sura yake ya zamani: talanta. Talanta ilikuwa kipimo cha uzito, na baadaye kiasi cha fedha chenye uzito huo. Kwa hesabu ya Athene ya kale, talanta moja ilikuwa drakma 6,000, mali nyingi kupita kiasi kwa mtu wa kawaida. Katika mfano ulio kwenye Mathayo sura ya 25, bwana anayesafiri anawakabidhi watumwa wake mali: mmoja talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake.

Soma tena maneno hayo ya mwisho. Uwezo na talanta ni vitu viwili tofauti. Uwezo ni wa mtumwa, talanta ni za bwana. Mfano mzima unasimama juu ya kukabidhiwa: kuna mwenye mali, kuna aliyeaminiwa, na kuna siku ya kutoa hesabu. Kiingereza kilipolichukua neno hili likawa na maana ya kipaji, kilianza kwa kusema kipaji ni amana kutoka kwa Mungu. Kisha amana ikadondoka njiani, aliyekabidhi akadondoka, na siku ya hesabu ikadondoka. Leo mtu akiambiwa ana "talent" anasikia kwamba ana mali yake binafsi, na kama hajafanikiwa basi ameizembea. Haulizwi tena ni nani aliyemkabidhi nini. Wala haulizwi swali linalonisumbua zaidi: je, wapo ambao hawakukabidhiwa kitu chochote?

Neno "ambition", yaani hamu ya kupanda na kufanikiwa, nalo lina safari yake. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuzunguka. Katika Roma ya kale, aliyetaka cheo alivaa vazi lililotiwa weupe, akazunguka sokoni na mitaani akishika mikono ya watu na kuwaomba kura. Tendo hilo la kuzunguka ndilo lililozaa neno. Lilikuwa na upande mchafu pia: neno pacha lake, ambitus, likawa jina la kosa la kununua kura, na zilitungwa sheria kadhaa za kulipiga vita. Lakini, safi au chafu, mwenye ambition hakuwa peke yake. Hakuweza kupanda bila kwenda kwa watu, kuwaangalia machoni na kukubali kwamba wao ndio watakaoamua. Leo tunaambiwa ni moto unaowaka kifuani mwa mtu, naye akiwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

Kocha tutampita haraka. Jina lake limetoka kwenye gari la farasi, nalo gari lilipata jina kutoka Kocs, kijiji cha Hungaria. Wanafunzi wa Oxford katika miaka ya 1830 walimwita hivyo mwalimu wa pembeni aliyewabeba kuwavusha mitihani. 

Neno linaloniudhi kuliko yote ni "comfort zone", kwa sababu kugeuzwa kwake kumekamilika. Tunaambiwa tutoke kwenye eneo la faraja. Tunaambiwa ndoto hufia humo. Lakini miongoni mwa wa kwanza kulitumia neno hili kwa maana ya kitaalamu walikuwa wahandisi wa kupasha joto na kuingiza hewa majengoni. Mwaka 1923, huko Marekani, Houghten na Yaglou walichapisha kazi yao ya kutafuta ni kwa kiwango gani cha joto na unyevu wa hewa watu wengi waliomo chumbani hawasikii baridi wala hawatoki jasho. Walichora mipaka ya hali hiyo, wakaiita "comfort zone", eneo la faraja. Hawakuichora ili watu wafukuzwe humo. Waliichora ili wajenzi wajue wanachodaiwa na watakaokaa ndani ya majengo yao.

Yaani eneo la faraja lilikuwa deni. Kulikuwa na anayelidai na anayelilipa. Mtu akitetemeka kwa baridi kazini, wahandisi wa 1923 wangeuliza mitambo ya jengo ina kasoro gani. Mhamasishaji wa leo anamsifu anayetetemeka kwa kuthubutu kutoka, na anayelalamika anaambiwa amezoea kubembelezwa. Sikatai kwamba kuna nyakati mtu hana budi kuingia mahali pagumu ili akue; kila aliyejifunza lugha ya pili ukubwani anaijua aibu ile. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyechagua ugumu akiwa na mahali pa kurudi, na mtu ambaye hajawahi kupewa eneo lolote la kutoka. Neno jipya haliwezi kuwatofautisha hawa wawili, kwa kuwa limekwisha kulifuta jengo.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Maneno hubadilika, atasema. Asili ya neno si hukumu ya maana yake ya leo. Mia moja kwa mia. Neno "dhahania" au "falsafa" halifungwi na lilikotoka, na hakuna anayeniagiza nipime vipaji kwa mizani. Hoja yangu haiko kwenye kubadilika bali kwenye upande wa kubadilika. Maneno yakibadilika kiholela, mengine yangejaza watu na mengine yangewapunguza. Haya ninayoyataja yanaelekea upande mmoja: kutoka baina ya watu kwenda ndani ya mtu. Na maneno yakielekea upande mmoja, lawama nayo huelekea huko.

Hilo linaonekana wazi kwenye "resilience", ambalo kwa Kiswahili tumeliita ustahimilivu. Mzizi wake wa Kilatini ni kuruka kurudi nyuma, kama mpira unavyodunda. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza Thomas Tredgold aliandika kuhusu sifa hiyo kwenye mbao: boriti ikilemewa hupinda, na mzigo ukiondolewa hurudi ilivyokuwa. Fikiria jinsi mhandisi anavyolitumia wazo hilo. Anapima. Anauliza uzito gani, kwa muda gani, na mpaka wapi boriti itaacha kurudi na kuanza kuvunjika. Akipata jibu anapunguza mzigo, au anaongeza nguzo. Boriti ikivunjika chini ya uzito uliozidi, hakuna anayeilaumu boriti kwa kukosa moyo.

Kwa tafsiri yetu tumepoteza zaidi kidogo. Kustahimili ni kubeba. Hakuna kurudi ndani yake, wala hakuna dokezo kwamba mzigo utaondolewa. Boriti ya Tredgold hurudi ilivyokuwa kwa sababu uzito umetolewa. Anayeambiwa astahimili anaambiwa tu aendelee kubeba.

Sayansi ya nafsi yenyewe, ilipoanza kulichunguza jambo hili kwa wanadamu, ilimkuta mtu wa pili. Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kuzaliwa mpaka utu uzima. Baadhi yao walikulia kwenye mrundikano wa shida: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Takriban theluthi moja ya hao wa shida nyingi walikua wakawa watu wazima walio imara, wenye kujiamini na kuwajali wenzao. Ndiyo, tabia ya mtoto mwenyewe ilikuwa na mchango. Lakini kilichojitokeza tena na tena ni uhusiano wa karibu na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa: bibi, mwalimu, jirani, mzee wa kanisani. Mpira unadunda kwa sababu kuna sakafu. Matokeo haya yametajwa mara nyingi kwenye vitabu vya kujiendeleza, na mara nyingi yule bibi hatajwi.

"Mindset", yaani mtazamo alio nao mtu akilini, nayo imepita njia hiyohiyo. Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieneza neno hili kwa kitabu chake cha 2006: anayeamini akili inakua kwa kujifunza huvumilia kushindwa kuliko anayeamini akili ni kitu kilichokwisha kupangwa. Wazo ni zuri na limewafaa wengi. Mwaka 2019 lilichapishwa jaribio kubwa lililohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini humo, ambapo baadhi yao walipewa somo la wazo hilo kwa muda usiofika saa moja. Kati ya waliopewa somo, wale waliokuwa nyuma darasani waliongeza alama zao, kwa kiasi kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya pointi kwenye wastani wa alama zao. Na faida ilionekana zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenzao waliona ni jambo la kawaida kupenda kazi ngumu. Mbegu ileile, udongo tofauti. Ukimwambia mtoto abadili mtazamo halafu ukamrudisha kwenye darasa linalomcheka kila anapouliza swali, umempa kitanzi cha buti.

Kwa haki, lazima nimpe nafasi mtu aliyeyajua haya kwa mwili wake. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa, akajifunza kusoma kwa siri, akatoroka, akawa mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne ya 19. Kuanzia 1859, kwa zaidi ya miaka thelathini, alizunguka na mhadhara kuhusu watu waliojijenga wenyewe, "self-made men". Kama kuna aliyestahili kujisifu kwa jina hilo ni yeye. Naye aliwaambia wasikilizaji wake kwamba, tukisema kwa usahihi, watu wa namna hiyo hawapo duniani, kwa kuwa kila mmoja amekopa kutoka kwa waliomtangulia na wanaomzunguka. Baada ya kulisema hilo ndipo akaisifu kazi, tena kwa nguvu zote, na hakumhurumia mvivu hata kidogo. Mpangilio huo ndio ninaoutaka: deni kwanza, juhudi baadaye, na zote mbili zisemwe kwa sauti ileile. Sisi wenyewe tunasema kidole kimoja hakivunji chawa, na tunasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hizi hazipingani. Anayetumia moja na kuificha nyingine ndiye anayepotosha.

Tunaotafsiri tuna njia ambayo Kiingereza hakina. Lugha yetu ina viambishi viwili vidogo, -ji- na -an-, vinavyoweza kuingia kwenye kitenzi kilekile na kugeuza ulimwengu wake. Inua: kujiinua, kuinuana. Tia moyo: kujitia moyo, kutiana moyo. Jenga: kujijenga, kujengana. Lugha ya hamasa imeipenda sana -ji-. Kujituma, kujiamini, kujitambua, kujikwamua, kujiendeleza. (Kujisaidia pekee ndiko kulikoshindikana, kwa kuwa tayari kuna maana ya kwenda haja.) Sina ugomvi na -ji-. Ni ya heshima, nayo imebeba mengi mema. Lakini hebu tusikilize kujituma: aliyetuma na aliyetumwa wamekuwa mtu mmoja. Kisha tusikilize kujitolea. Ndani yake kuna toa, na kuna ile -le- ya kumfanyia mtu, kwa hiyo hata anayejitolea peke yake usiku wa manane tayari ana mpokeaji ndani ya kitenzi chake. Sarufi imekataa kumfuta.

Hata neno letu la "outlook", mtazamo, lina kutazama ndani yake, na hakuna kutazama bila kinachotazamwa. "Attitude" nayo ilikuwa neno la wasanii kabla ya kuwa neno la semina: mkao wa mwili wa mtu kwenye sanamu au mchoro. Marubani bado wanalitumia karibu na maana hiyo, kwa jinsi ndege ilivyokaa ukilinganisha na upeo wa macho. Mkao ni wa kuhusiana na kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini anainama kwa sababu kitanda kipo na kina kimo chake, na mwenye macho ataona pia kwamba vitanda havina kimo kimoja. Tunapomwambia mtu awe na "mtazamo chanya", tunamkabidhi alama ya hesabu na kumwondolea kitanda. Anatakiwa ainame tu, au atabasamu tu, bila kuuliza mbele ya nini.

Kila nikifika hapa namkumbuka Samuel Smiles, kwa kuwa jina la uwanja huu wote kwa Kiingereza, "self-help", lilienezwa na kitabu chake cha mwaka 1859. Smiles alikuwa daktari Mskoti aliyegeukia uandishi. Kitabu kiliuza nakala 20,000 ndani ya mwaka mmoja, na alipofariki mwaka 1904 zilikuwa zimepita robo milioni. Japani ilikipata kwa Kijapani mwaka 1871. Watu wamekisoma kama wimbo wa mtu anayesimama peke yake, kiasi kwamba katika toleo la baadaye mwandishi alilazimika kulilalamikia jina alilolichagua mwenyewe, kwamba limewafanya wengine wadhani anasifu ubinafsi, ilhali alikusudia kinyume chake kabisa.

Ameeleza mwenyewe jinsi kilivyoanza. Katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, vijana wawili watatu wa hali ya chini waliamua kukutana jioni za majira ya baridi ili waelimishane. Walianza kwenye chumba cha mmoja wao. Wengine wakaja, chumba kikawa kidogo, wakahamia kukutana bustanini, na baridi iliporudi wakakodi ukumbi mchafu uliowahi kutumika kama hospitali ya muda ya wagonjwa wa kipindupindu, ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuuchukua. Wakafikia kama mia moja. Waliojua kidogo waliwafundisha waliojua pungufu yao: kusoma, kuandika, hesabu, jiografia. Ndipo wakamwomba Smiles aje azungumze nao. Kitabu cha kujisaidia kilitoka kwenye chumba cha watu wanaosaidiana. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni silabi mbili tu.

Ile sentensi ya vitanzi nimeiacha kama mwandishi wake alivyoitaka, maana kitabu ni chake: "jikwamue kwa nguvu zako mwenyewe". Chini ya ukurasa nimeongeza tanbihi ya mistari mitatu kuhusu swali la fizikia la 1888. Mhariri ameizungushia duara la wino mwekundu na bado hajaniambia kama itabaki.